Mafuta yangu ya nazi yameganda, mteja anasema nimemtilia mafuta ya ng'ombe

BiNazi_Ngamiani

Assalaam alaykum wapendwa. Mwenye elimu ya sayansi anisaidie, maana nimeshapoteza wateja wawili na sijui nijitetee vipi.

Nauza mafuta ya nazi Ngamiani, Tanga mjini, huu mwaka wa 11. Nakamua mwenyewe. Nazi zinatoka Pangani, nakuna na binti zangu wawili, tui tunalikamua kwa kifumbu, linalala usiku mzima, asubuhi naengua zito la juu nainjika mpaka maji yaishe na nyumba nzima inukie. Hapo hakuna cha ng'ombe wala cha mbuzi, isipokuwa mbuzi ya kukunia.

Jumanne asubuhi, na kipupwe hiki mnakijua, kaja mteja wangu wa siku nyingi na chupa ya lita moja aliyonunua Ijumaa. Imelala dirishani kwake. Chini kumeganda kitu cheupe kama uji wa muhogo, kimo cha vidole vitatu, juu yake mafuta maangavu unaona mpaka upande wa pili. Kaitua mezani mbele ya watu: "Bibi, haya mafuta ya ng'ombe umeyatia wewe au kakutilia mtu?" Foleni ilikuwa ya watu wanne. Wawili wakasema wanarudi sasa hivi. Leo Alhamisi.

Nimerudi nyumbani na hasira zangu, mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la tano, kanifungulia daftari. Yabisi ina umbo lake na ujazo wake. Kimiminika kina ujazo wake lakini umbo kinafuata chombo. Gesi haina umbo wala ujazo wake. Chini mifano: yabisi ni jiwe, ubao, chumvi. Kimiminika ni maji, maziwa, MAFUTA. Kaniambia, "Shangazi, mafuta ni kimiminika. Kile cheupe ni yabisi, kwa hiyo si mafuta." Mtoto ninayemlisha mimi.

Sasa naomba kujua:

Kwanza, hayo mafuta ni yabisi au kimiminika?

Pili, barafu nikiitia kwenye jagi la juisi inaelea. Mbona mafuta yakiganda yanakaa chini? Hapo ndipo mteja aliponibana, anasema kingekuwa kitu kimoja kisingejitenga.

Tatu, na hili langu la siku nyingi: mtungi wangu wa gesi nikiutikisa nasikia maji yanacheza ndani. Nauziwa gesi au nauziwa maji?

Na mtoto naye ana lake. Chumvi daftarini ni yabisi, lakini akiimimina kwenye kopo inakaa umbo la kopo. Amemuuliza mwalimu wake, kaambiwa aandike kama ilivyo ubaoni.

---

FundiSpoku_Makorora

Mama pole. La chumvi niachie mimi, hilo halihitaji msomi.

Mimi ni fundi baiskeli, nina kopo la gololi. Nikilimimina kwenye sinia zinatiririka kama maji, nikizirudisha kwenye kopo zinakaa umbo la kopo. Kuna mtu atasema chuma ni kimiminika? Ichukue gololi moja uibane kwa koleo, umbo lake halibadiliki. Chumvi vivyo hivyo, na mchanga wa Raskazone, na sukari, na unga. Kinachotiririka ni lundo, kila punje ni yabisi kivyake. Mwambie mtoto amwage chumvi kwenye meza kisha amwage maji. Chumvi itasimama kichuguu. Maji yamewahi kusimama kichuguu?

La gesi na kimiminika aje kijiweni kwangu nimwonyeshe. Pampu ya baiskeli, ziba mdomo kwa kidole gumba, sukuma mpini. Unaingia, halafu unakurudisha nyuma kama una chemchemi ndani. Hiyo hewa, inashindilika. Ukijaza maji pampu ileile bila kuacha hewa hata kidogo, ukaziba, ukasukuma, mpini ni kama umeegemea ukuta. Ndiyo maana tairi tunajaza hewa. Ukijaza maji Tanga hii yenye mashimo, mgongo utakuja kunieleza.

Mafuta yako sijui, namwachia mwalimu wa Chumbageni, najua atakuja.

---

MteteziWaMlaji_Duga

Tusikimbilie kumpa pole. Wachanganyaji wapo, mimi mwenyewe yamenikuta. Mwaka juzi nilinunua chupa mbili kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji, nikapaka nywele, harufu ya nazi siku ya kwanza tu, ya pili nanuka chipsi. Bi Nazi anaweza kuwa mkweli, lakini mteja ana haki ya kuuliza.

---

Mwalimu_Mstaafu_Chumbageni

Fundi, nimekuja. Kengele nilikuwa naigonga mimi, siwezi kuisikia nikakaa kimya.

Bi Nazi, nianze na jibu kisha sababu. Mafuta yako ni yabisi asubuhi na kimiminika mchana, na ni mafuta yaleyale. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi za Selsiasi. Tanga mwezi Februari huwezi kuyaona yameganda hata uyabembeleze. Julai usiku joto linashuka mpaka nyuzi 20 hivi, tena chupa imekaa dirishani inapigwa na upepo. Yasingeganda ndiyo ningeshangaa. Daftari la mtoto halijakosea, ila halikusema kwenye joto lipi. Hata chuma ni yabisi kwa sababu tu hapa kwetu hakuna joto la nyuzi 1,538. Lipate, na chuma kitamiminika kwenye kalibu kama uji.

Kinachotofautisha hali hizi tatu ni jinsi chembe, yaani vipande vidogo mno vinavyounda kila kitu, zilivyokaa na zinavyojongea. Mwambie mtoto akumbuke swala ya Idd. Watu wako kwenye safu, bega kwa bega, kila mtu na nafasi yake. Wanainama, wanainuka, lakini hakuna anayehama safu. Hiyo yabisi: chembe zinatetemeka pale pale zilipo. Swala ikiisha watu wanaelekea mlangoni kutafuta viatu. Bado wamebanana vilevile, ila sasa wanapishana, huyu kapita kushoto, yule kulia, na umati unafuata umbo la mlango na ukuta. Hicho kimiminika. Watoto wakishatoka nje na hela zao za sikukuu, tawanyiko lao halina mfano, wanajaa uwanja wote hata uwe mkubwa namna gani, wanagongana na kuachana. Hiyo gesi.

Kwenye gesi nafasi ni nyingi mno, ndiyo maana pampu ya fundi inashindilika. Chukua maji ya mililita 200, kikombe cha chai. Yakigeuka mvuke wote kwenye nyuzi 100 yanahitaji nafasi kama mara 1,700, sawa na madumu 17 ya lita 20. Maji ni yaleyale, hakuna kilichoongezeka ila umbali. Na kwa kuwa chembe za gesi hazishikani, udi ukifukizwa chumbani jirani anaupata mlangoni kwake baada ya dakika chache. Tone la rangi ya chakula kwenye glasi ya maji yaliyotulia litachukua muda mrefu zaidi kusambaa. Na kipande cha udi chenyewe kikae ndani ya kifuu cha nazi mwaka mzima, hakitapenya kwenye kifuu.

Sasa la pili, ambalo ndilo zuri. Mteja wako kauliza swali la maana bila kujua. Vitu vingi vikiganda husinyaa, chembe zinasogeleana, kwa hiyo kilichoganda kinakuwa kizito kuliko kimiminika chake kwa ujazo uleule, kinazama. Mafuta ya nazi yamo humo. Mwenye ukorofi ni maji. Maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi, kwa sababu chembe zake zikijipanga safu zinaacha uwazi katikati. Ndiyo maana barafu inaelea, na ndiyo maana chupa uliyoijaza pomoni ukaisahau kwenye friza umeikuta imepasuka. Tumezoea barafu mpaka tukadhani kuelea ndiyo sheria, kumbe sheria ni ya mafuta yako.

Na kwa nini kigande cha chini na cha juu kisigande? Mafuta ya nazi hayana kitu kimoja ndani, ni mchanganyiko wa aina kadhaa za mafuta asilia humohumo kwenye nazi, na kila aina ina joto lake la kuganda. Zile za joto la juu zinatangulia, zinakuwa punje nyeupe, zinashuka chini. Usiku ungekuwa wa baridi zaidi, chupa nzima ingekuwa nyeupe na mteja wako asingeona cha kusema.

Jambo dogo la pembeni, kwa wauza samaki wa Deep Sea wanaosoma hapa. Kitu kikiwa kinayeyuka joto lake halipandi, linatumika lote kuvunja safu. Kilo moja ya barafu mpaka iishe kuyeyuka inafyonza joto ambalo lingeyatoa maji ya uzito uleule kutoka nyuzi 0 mpaka karibu nyuzi 80. Maji baridi peke yake yasingemhifadhi samaki hivyo.

---

Mgosi_Lushoto

Karibuni milimani. Huku mafuta ya nazi ya Tanga yakifika Juni tunayachota kwa kijiko, saa sita mchana bado magumu kama sabuni. Hatujawahi kumshtaki mtu.

Mwalimu, ongeza na presha. Huku tuko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo, ndiyo maana maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Shemeji yangu wa Tanga alikuja akapika maharage, sufuria inatokota mpaka mfuniko unacheza, maharage yanamwangalia. Kachochea moto kuni zikaisha. Moto hauna msaada hapo, maji yakishachemka joto lake halipandi tena.

---

Kijana_Pongwe

Bi Nazi, usione haya kabisa. Hata mafuta ghafi ya Uganda yanaganda. Lile bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linawekewa mfumo wa kulipasha joto njia nzima kwa sababu mafuta yenyewe yana nta nyingi, yakipoa kwenye joto la kawaida yanagoma kutiririka. Wao wanayapasha mpaka zaidi ya nyuzi 50. Wewe chupa moja dirishani unapelekwa mahakama ya foleni.

---

MteteziWaMlaji_Duga

Mwalimu nimekuelewa. Basi atuambie namna ya kujua yaliyochanganywa, kuliko kubishana.

---

Mwalimu_Mstaafu_Chumbageni

Swali la haki. Kuna mawili ya nyumbani, hakuna hata moja la maabara.

La kwanza, chukua donge la kile cheupe uweke kiganjani. Mafuta ya nazi yanayeyuka mara moja, kwa sababu kiganja kina joto la zaidi ya nyuzi 30. Mafuta ya ng'ombe yanahitaji nyuzi 40 na zaidi. Yatalainika, yatanata, yatakuachia utando mweupe kati ya vidole.

La pili, tia chupa kwenye friji usiku mmoja. Ya nazi tupu yanakuwa jiwe. Kama kuna tabaka linaloteleza ukiinamisha chupa, hapo pana kitu kingine. Alizeti kwa mfano haigandi kwenye friji ya kawaida. Kwa hiyo ndugu yangu wa Duga, yale uliyonunua, yaliganda Julai?

---

MteteziWaMlaji_Duga

Hayakuganda. Na nilimsifu muuzaji kwa hilo.

---

WakalaMitungi_MajaniMapana

Nijibu la mtungi, naulizwa kila siku.

Mama, hayo si maji. Ni gesi yenyewe ikiwa kimiminika. Gesi ya kupikia ni propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri, kwa hiyo hapa Tanga ilipaswa kuwa hewa tu. Kiwandani wanaishindilia kwa presha mpaka chembe zinabanana na kuwa kimiminika, ndipo kilo 6 zinaenea kwenye kimtungi unachokibeba kichwani. Ingekuwa hewa bila kushindiliwa ungehitaji chumba.

Ukifungua jiko presha iliyoko juu ya kimiminika inapungua, kimiminika kinachemka, kinapanda kama gesi. Kuchemka kunataka joto, na joto linatoka kwenye chuma cha mtungi na hewa ya jikoni. Ukipika pilau la watu wengi gusa mtungi chini, wa baridi, pengine unatoka jasho. Jasho hilo ndilo maji pekee kwenye ugomvi wako huu, na yanatoka kwenye hewa ya jikoni, ndani ya mtungi hayamo.

Mtungi haujazwi pomoni, ni kama asilimia 80. Kimiminika kikipata joto kinapanuka na hakishindiliki, kama alivyosema fundi, kwa hiyo lazima kiachiwe nafasi ya juu. Na usiulaze mtungi ukiwa unapika, kitatoka kimiminika badala ya gesi na moto utaruka. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni. Ukisikia harufu fungua milango, usiwashe kiberiti wala swichi.

Kujua umeuziwa nini, pima. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma cha juu karibu na mshikio. Toa huo, kinachobaki ni gesi.

---

BiNazi_Ngamiani

Allah awalipe. Nimerudi na habari.

Ijumaa asubuhi nimeamka na chupa tatu zimeganda. Moja nimeiweka barazani saa moja na nusu, mtoto kakaa nayo na daftari lake kama askari wa lindo. Mpaka saa mbili hakuna kitu. Saa mbili na robo jua limefika kwenye ngazi, ukuta wa chupa ukaanza kuachia, kile cheupe kikawa kama donge limesimama katikati na mafuta yanalizunguka. Likapungua, likapungua, likawa ukubwa wa kungu, na kweli muda wote limekaa chini, halikuelea hata mara moja. Saa tatu kasoro kumi limekwisha. Mtoto kaitikisa kutafuta mashapo. Hakuna.

Mteja nimemtumia salamu aje. Kaja na uso wa kesi. Sikumwambia neno, nimechota donge kwenye chupa ya pili kwa ncha ya kijiko nikamwekea kiganjani, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Sikufika 20. Yamemtiririkia mpaka kwenye kifundo cha mkono, yakaingia kwenye mkono wa baibui. Kaninusisha kiganja chake kana kwamba mafuta ni yake yeye. Halafu kasema, "Basi nipe na ya mama yangu." Radhi hajaomba, lakini kalipa chupa mbili na hakutaka kupunguziwa, kwa ninavyomjua mimi hiyo ndiyo radhi yenyewe.

Mtungi nimeupima kwenye mizani ya muuza mchele. Zimebaki kilo mbili na robo. Nimemhesabia siku nilizopika, hesabu imekaa, kwa hiyo yule kijana wa mitungi niliyemnunia tangu Ramadhani nitamwamkia leo.

Mtoto kaongeza kwa penseli pembeni ya neno mafuta: "ya nazi, Julai asubuhi hapana". Anasema kesho anapeleka daftari kusahihishwa. Nimemwambia akipewa kosa asibishane, aombe ruhusa ya kupeleka chupa.

Ombi langu la mwisho. Chupa hizi za mdomo mwembamba zinanitesa, mtu akinunua asubuhi hayatoki mpaka achome juani. Nataka makopo ya mdomo mpana ya nusu lita kuanzia sasa mpaka Agosti, yale ambayo kijiko kinaingia. Sokoni wananitajia bei ya jumla ambayo faida yote inaishia kwenye kopo. Kuna anayejua pa kuyapata bila kwenda Dar?

---

FundiSpoku_Makorora

Mama, dukani kwa jirani yangu yapo, ya kufunga kwa kuzungusha. Njoo na mtoto, gololi zinamsubiri.